Pandi na Mate ya Bibi Yake

Pandi alipoingia jikoni kwangu mara ya kwanza hakuanza na salamu. Alitua begi mlangoni, akazitazama sufuria zote zilizokuwa motoni, akainama akapunguza moto wa mojawapo, ndipo akasema, "Shikamoo, dada. Huu mchuzi ulikuwa unashika chini." Mchuzi wenyewe ulikuwa wangu. Nilimchukia hapo hapo. Kufika jioni nilikuwa nimeshampenda, na mpaka leo ni yeye tu ninayemruhusu aguse jiko langu bila kuniuliza.

Mimi naitwa Dada Meng. Hapa Tianjin kila mwanamke ni dada, awe msichana wa shule, awe kikongwe wa fimbo; muuza samaki mwenye mvi atakuita dada na wewe ni umri wa mjukuu wake, wala hatanii. Nina vyumba vitano nyuma ya hospitali ya magonjwa ya damu, na wapangaji wangu ni jamaa za wagonjwa kutoka kaskazini yote. Hawaji kwa uzuri wa vyumba, wanakuja kwa ajili ya jiko. Mgonjwa aliyebadilishwa uboho, ule wa mifupani unaotengeneza damu, hana kinga, chakula kibichi kinaweza kumuua, kwa hiyo kila kitu chake lazima kipite kwenye sufuria ya presha: uji, mayai, mboga, hata tofaa. Ukiniletea kachumbari jikoni nakutoa wewe na kachumbari yako. Watu husema nina mdomo mchafu. Sawa, mdomo mchafu na jiko safi. Anayetaka kinyume chake aende kwa jirani.

Mwaka huo nilikuwa na mpangaji anaitwa Zhenyu, kijana mrefu, mpole, asiyejua kupika hata maji. Mama yake, Bi Lanying, alikuwa mstaafu wa kiwanda cha nyuzi huko Shijiazhuang, mjane, na saratani ya damu ilikuwa imemkamata vibaya. Zhenyu ndiye aliyempa uboho. Zamani walitafuta mtu wa kufanana naye kabisa kwa damu. Siku hizi mtoto anampa mzazi ingawa wanafanana nusu tu, na inashika. Kwa Bi Lanying ilishika vizuri. Zhenyu aliponiletea habari alinikumbatia mpaka nikammwagia mpangaji mwenzie supu.

Halafu likaamka Jitu.

Jina lake la hospitali ni refu. Kwa lugha yetu ni kirusi cha chembe kubwa, na wagonjwa wanakiita Jitu tu. Karibu sote tunalo. Linaingia utotoni, unapata homa kidogo au hupati kitu, kisha linalala ndani yako maisha yote, na askari wa damu yako wanakaa mlangoni wakililinda lisiamke. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana yake. Sasa Bi Lanying askari wake wa zamani walikuwa wamefagiwa wote na dawa kali kabla ya kubadilishwa uboho, na hawa wapya waliotoka kwa Zhenyu walikuwa hawalijui Jitu hata kwa sura. Zhenyu hakuwahi kuliugua. Daktari alishangaa, akarudia kipimo, jibu likawa lile lile. Kijana alikuwa msafi ndani kama sahani mpya.

Walimpa mama dawa ya kwanza, ikaanza kushusha ile damu mpya iliyopatikana kwa taabu. Wakabadilisha, ya pili ikamgeukia figo. Jitu lenyewe likapanda mapafuni, akawekewa oksijeni, na jicho la kushoto likaanza kuona ukungu. Zhenyu akirudi jioni alikuwa hali, anakaa tu kwenye kigoda changu anatazama ukuta.

Daktari Cen, mwanamke mfupi anayetembea kama anafukuzwa, alimweleza kuna njia nyingine. Atafutwe ndugu wa damu mwenye Jitu, ambaye askari wake wamepambana nalo miaka na miaka. Wachukue damu yake, waichuje kwenye maabara, wabaki wale askari tu wanaolitambua Jitu, hao ndio apewe mgonjwa. Wengine wote waachwe, maana wakiingia kwenye mwili wa mwingine na vurugu zao watampiga mwenye nyumba. Sharti ndugu huyo awe anafanana na mgonjwa angalau nusu. Kwa hiyo akauliza: wazazi wapo? Walishafariki. Ndugu wa tumbo moja? Alikuwa mmoja, naye amefariki. Watoto wengine?

"Ninaye huyu mmoja tu," akasema Bi Lanying chini ya barakoa ya oksijeni.

"Mmoja tu," akaitikia Zhenyu, amesimama pembeni ya kitanda.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye, na nilivyoyajua ni hivi. Siku moja Zhenyu anapika uji wa mtama, akaonja, akarudisha kijiko sufuriani. Nikamrukia. Nikamwambia umwage wote uanze upya, unataka kumuua mama yako kwa mate yako? Akaumwaga, akaanza upya, ukaungua. Akakaa chini, akasema kama anajisemea, "Dada angekuwepo usingeungua."

Nikadhani ananisema mimi. "Dada gani? Mimi nipo hapa."

"Hapana. Dada yangu."

"Dada yako yupi?"

Masikio yakamwiva, yakawa mekundu.

"Zhenyu. Una dada wa tumbo moja, na daktari umemwambia huna?"

"Mama alisema mmoja."

"Mama yako anaumwa. Wewe unaumwa nini?"

Kijana akalia. Nikamwacha alie, kwa sababu nilikuwa nimeelewa, na hasira yangu ilikuwa haijui imwendee nani. Nyinyi vijana hamkuyaona yale. Miaka ile watoto walihesabiwa. Afisa wa mtaa anauliza una wangapi, kiwanda kinauliza, shule inauliza, na ukizidisha unapoteza kazi na nyumba. Watu waliozaa msichana kwanza na bado wanatamani mvulana walimficha msichana. Bi Lanying na mumewe walimwita wa kwanza Pandi, jina linalosema kabisa kwamba tunatumaini mdogo wako awe wa kiume, na huyo wa kiume alipoingia tumboni wakampeleka Pandi kijijini kwa mama yake mume, akiwa bado anatambaa. Akaandikishwa kuwa mtoto wa baba yake mdogo. Akafundishwa kwamba mama yake akija kutembea amwite shangazi, hasa mbele za watu. Kwa miaka zaidi ya thelathini swali lilikuwa lile lile na jibu lile lile, mpaka ulimi ukazoea. Daktari Cen aliuliza swali la uhai, wao wakamjibu la afisa.

"Mpigie," nikamwambia.

"Hatakuja. Na mama atakasirika."

"Mpigie hapa hapa, nisikie."

Akapiga. Simu ikapokelewa na sauti ya mwanamke juu ya kelele za mafuta yanayokaanga.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Pandi."

"Basi mbona umepiga? Sikukuu bado."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akarudi mwanzo, lakini akaeleza. Upande wa pili kelele za mafuta zikaendelea peke yake.

"Shangazi anajua umenipigia?"

"Hajui."

"Nina nyama jikoni," akasema Pandi, akakata.

Hakupiga tena. Siku ya pili yake akaingia na begi na kunipunguzia moto.

Nyama yenyewe ilikuwa ya punda. Kwao Hejian watu wanakula mkate wa moto uliojazwa nyama ya punda, na Pandi ana kibanda chake stendi, anafunga aproni alfajiri anafungua mchana ukiisha. Ni mwanamke mfupi, mabega ya mbeba magunia, mkono wa kulia una alama za mafuta mpaka kiwikoni. Ana mume dereva wa lori na binti aliye sekondari. Begini alikuwa na nguo jozi moja na mikate ishirini aliyoifunga kwa gazeti. Akaigawa jikoni kote, kila mpangaji akapata, na mimi nikapewa miwili. Nilimwambia sili vya watu nisiowajua. Akasema, "Kula mmoja, ukifika wa pili tutakuwa tumejuana." Nikala yote miwili.

Usidhani alikuwa amekuja kutoa. Alikuja kuangalia. Tuliongozana watatu mpaka kwa Daktari Cen, mimi nikiwa sina kazi pale ila kushika mkoba, na daktari akataka kumtoa damu ya kipimo mara moja. Pandi akarudisha mkono mfukoni.

"Kwanza niambie, hapo nimeandikwa nani?"

Daktari akatazama kitambulisho. "Hapa kwa karatasi wewe ni mtoto wa shemeji yake. Kama ndivyo, huna damu moja na mgonjwa, hutamfaa."

"Ni dada yangu," akadakia Zhenyu. "Baba mmoja, mama mmoja."

"Wewe ulishasema uko mmoja tu," akasema Daktari Cen, na Zhenyu akatazama viatu vyake.

"Nataka aseme yeye," Pandi akasema. "Amwambie daktari mimi ni nani. Akishasema, nichomeni mnapotaka."

Hapo Zhenyu, kijana mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa paka, akamgeukia. "Mama anapumua kwa bomba, wewe unadai hotuba?"

"Hotuba nimedai wapi? Neno moja."

"Unamwadhibu."

"Na kama namwadhibu? Wewe umewahi kuitwa mpwa na mama yako? Ulivyokuwa unapelekwa shule kwa baiskeli mimi nilikuwa nakuoneni tu kwenye picha. Usinifundishe huruma, Zhenyu, huruma ninayo, ndiyo iliyonipandisha treni."

Kusema kweli nilikuwa upande wa Zhenyu. Nilijua Bi Lanying hana siku nyingi, na maneno ni maneno tu. Kisha nikamtazama Pandi, alivyokuwa ameubana ule mkono mfukoni kama atanyang'anywa, nikahamia upande wake. Mtu unaweza kumhurumia anayekufa na bado ukaona anadaiwa.

Zhenyu akaingia wodini kumwambia mama. Akarudi haraka, uso umemshuka. "Anasema arudi nyumbani. Anasema hana uso wa kumtazama."

Nilimwangalia Pandi nikidhani ndiyo basi, anachukua begi. Badala yake akakaa kwenye benchi, akafikiri, akasema taratibu, "Kumbe anaona aibu. Mimi nilidhani ananichukia." Akafuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu.

Basi Daktari Cen, ambaye siku zote nilimwona hana moyo wa kitu kingine ila namba, akainuka akamshika Pandi kiwiko, akampeleka mpaka kwenye mlango wa kioo wa chumba cha mgonjwa, akamwambia simama hapa. Akavaa barakoa, akaingia, akauacha mlango wazi kidogo. Bi Lanying alikuwa ameegemea mito, kichwa hakina nywele, mtu mzima amekuwa mdogo kama mtoto wa shule. Macho yake yakafika mlangoni, jicho moja likiona na moja likibahatisha.

"Bi Lanying," akasema daktari, "nakuuliza tena, maana mimi husahau. Una watoto wangapi?"

Alichofanya yule mama kilinikata maini. Kabla hajajibu alichungulia ukumbini, kushoto na kulia, kama kuna afisa anasikiliza. Miaka yote hiyo imepita, sheria imeshafutwa, wanaohesabu wamestaafu na wengine wamezikwa, na bado anachungulia.

"Wawili," akanong'ona.

"Sijasikia."

Alikuwa amesikia. Mimi niliyekuwa mbali nilisikia.

Bi Lanying akaivuta barakoa ya oksijeni ikashuka kidevuni. "Wawili. Yule pale mlangoni ndiye wa kwanza. Binti yangu."

Pandi hakulia. Alivua koti akanipa nishike, akakunja mkono wa shati, akamfuata nesi. Mimi ndiye niliyelia, na koti la watu mikononi.

Vipimo vikaja kama alivyotaka daktari. Pandi anafanana na mama yake nusu, na Jitu analo, na askari wake wanalijua mpaka jina la utani. Daktari Cen akafurahi, akawa mtu wa kawaida kidogo. Akamuuliza Pandi utoto wake ulikuwaje, alinyonya mpaka lini, nani alimlisha.

"Bibi. Mama alipoondoka sikunyonya tena. Bibi alikuwa anatafuna mkate na matunda ya kunazi, vikishalainika ananitilia mdomoni. Kijijini wote tulilishwa hivyo."

"Na wewe?" akamgeukia Zhenyu.

"Mimi bakuli langu lilichemshwa. Na kijiko. Hakuna aliyeruhusiwa kunibusu."

Daktari akaguna. "Siwezi kuapa, Jitu lina milango mingi, laweza kupita hata kwenye maziwa ya mama. Lakini bibi anayetafunia mtoto ni mlango wa zamani kuliko yote. Huenda ndiye aliyekupa Jitu, ukalishinda, ukapata askari." Kisha akatuinulia kidole. "Msiende sasa mkaanza kutafunia watoto. Hii imekuwa bahati, si ushauri."

Nilimwona Zhenyu anameza mate. Njiani akaniambia sababu. Mwaka mmoja wa sikukuu, Pandi akiwa mdogo bado, mama yao alifika kijijini akamkuta mkwewe anatafunia mtoto. Akalipiga lile bakuli likavunjika ukutani. Akamwita bibi mchafu, akamwambia atamuua mtoto wake. Wakwe hao hawakusemezana tena mpaka bibi alipozikwa. Na baada ya kuvunja bakuli, Bi Lanying alipanda basi akarudi mjini, na mtoto akamwacha pale pale kwa yule mchafu. Pandi alikuwa amekua akijua hivyo: kwamba chakula chake kilikuwa uchafu, na aliyekisema hivyo hakumchukua.

Siku ya kutoa, alilazwa ubavuni mwa mashine, damu inatoka mkono mmoja na kurudi mwingine, asubuhi mpaka mchana. Nikamkalia kando kumpigisha soga. Nikamwambia, "Wewe una moyo. Mimi ningekuwa wewe ningewaacha. Shukrani ya punda ni mateke."

"Dada Meng, punda nawajua kuliko wewe. Punda hapigi teke bila sababu. Ukimwona anapiga, tazama kwanza kuna nini mgongoni."

"Basi umeanza kumtetea mama yako."

"Namtetea punda," akasema.

Maabara wakafanya kazi yao, na walipoleta dawa yenyewe Zhenyu alikaribia kuvunjika moyo. Kilikuwa kimfuko kidogo cha maji meupe meupe, kama ya kuoshea mchele. Yeye alitegemea ndoo. Kikaingia kwa dripu kabla hata ya chai kupoa. Siku zilizofuata mama akapanda homa, tukaambiwa tungoje, homa ikashuka, tukaambiwa bado tungoje, maana askari wachache lazima kwanza wazaane ndio waende vitani.

Pandi akangojea jikoni kwangu. Yaani aliliteka. Akampokonya Zhenyu sufuria ya mama, akapika mwenyewe: uji laini, tambi za yai, samaki aliyechambuliwa mpaka akawa pamba. Alikuwa msafi kuliko mimi, na mimi sisemi hivyo kwa mtu. Wapangaji wengine wakaanza kumletea shida zao. Mzee mmoja kutoka Shanxi, mkewe alikuwa hali kabisa, Pandi akamwambia, "Babu, humpikii mgonjwa, unampikia askari wa jeshi, sahani yote hii ya nini? Mpe vijiko viwili kwenye kikombe kidogo. Akimaliza ajione shujaa." Mke akala. Mzee akawa anamwita Daktari Punda, na jina likashika. Pandi akakubali, ila akasema ada yake ni kubwa, na akawa anamtoza vitunguu.

Zhenyu alikuwa anamwita kwa jina tu, kama alivyozoea kuambiwa huyu ni binamu. Siku moja nikamwambia mbele ya watu, "Wewe, mji huu mpaka muuza samaki ananiita mimi dada, na wewe una dada wa kweli unamwita kama mtoto wa jirani?" Akaona haya. Kesho yake akasema, "Dada, chumvi iko wapi?" Pandi hakugeuka. Akamwambia, "Iko mbele ya pua yako, kama siku zote." Lakini sikio lililokuwa upande wangu liliiva, na nikajua wametoka tumbo moja.

Jitu likaanza kushuka. Mara ya kwanza daktari akasema tusifurahi. Mara ya pili akasema tufurahi kidogo. Bomba la oksijeni likatolewa, mapafu yakasafishika, na jicho la kushoto likasimama palepale lilipofika. Lililopotea halikurudi, ila halikupotea zaidi. Saratani yenyewe Daktari Cen hakutuahidi kitu, alisema itapimwa na kupimwa. Ila Jitu lilirudi kulala, na mlinzi mlangoni alikuwa wa Pandi.

Ni mimi niliyempa Bi Lanying habari za mate. Wengine walikuwa wanazunguka zunguka, mimi sijui kuzunguka. Nikamwambia wazi: askari waliokuokoa, huenda mwalimu wao wa kwanza alikuwa mama mkwe wako na yale makunazi yake. Akaanza kucheka, cheko dogo, likawa kubwa, likageuka kikohozi, likageuka kilio, nikampigapiga mgongoni.

"Yule kizee," akasema akifuta macho, "mpaka kaburini amenishinda."

Akatolewa hospitali, akaja kukaa kwangu kwa sababu lazima awe karibu na vipimo. Chumba cha dirisha la kusini nikampa yeye. Pandi alikuwa anaondoka kesho yake. Mume amesharudi safari, kibanda kimefungwa vya kutosha, na wateja wa Hejian wakinyimwa punda wanatukana. Tukala mchana pamoja, sisi wanne, mlango wazi. Bi Lanying alikuwa anakula kwa adabu mno. Tangu atoke alikuwa anamwambia Pandi ahsante kwa kila kitu, ahsante kwa maji, ahsante kwa mto, na Pandi anajibu si kitu, shangazi, si kitu. Walikuwa wananitia kichefuchefu wote wawili kwa heshima zao. Watu wa nyumba moja hawaongei hivyo.

Mwisho Bi Lanying akaweka vijiti chini.

"Pandi. Mbele ya daktari nilisema. Utaniita shangazi mpaka lini?"

Zhenyu akaacha kutafuna. Mimi nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Pandi alimaliza kwanza kilichokuwa mdomoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akamsogezea mama yake bakuli la samaki karibu na mkono wa kulia, upande wa jicho zima.

"Nilichokupa pale hospitali hakikuwa changu," akasema. "Kilikuwa cha bibi. Alinitilia mdomoni, nikakutunzia, nikakuletea. Changu mimi bado sijakupa. Nilijaribu jana nikiwa peke yangu, neno lenyewe lilinikwama hapa." Akagusa koo. "Sikunyimi. Linachelewa tu."

Bi Lanying akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akaokota vijiti, akamega samaki, akamtilia Pandi kwenye bakuli lake kabla ya kujitilia mwenyewe.

"Lichelewe," akasema. "Mimi sasa nina muda."